Mti Uliosingiziwa

Mjomba wangu alitengeneza laini za simu kwa miaka thelathini na mmoja, na ndiyo sababu watu wakamwita Laini, ingawa mwenyewe hakuwa laini hata kidogo. Alikuwa mtu wa maneno makavu na shati lililopigwa pasi. Kila nguzo iliyosimama kando ya barabara kutoka kwake hadi mjini aliipanda kwa miguu yake, na akipita nawe alikuwa akizitaja moja moja kama mtu anayetaja wajukuu: hii ilianguka mwaka wa mafuriko, ile iligongwa na lori, hii hapa ilikaliwa na nyuki tukasubiri wiki nzima. Alipostaafu, kampuni ilimpa cheti na saa ya ukutani. Cheti akakitundika sebuleni. Saa akamletea mama yangu, akisema yeye hahitaji kuambiwa muda na watu waliomwambia muda wake umekwisha.

Mama yangu ni mdogo wake wa pekee. Ni fundi cherehani. Mimi naye tulikaa ng'ambo ya bonde, katika nyumba ambayo marehemu baba aliijenga mahali pazuri kwa kila kitu isipokuwa simu. Kwa macho, nyumba ya mjomba ilikuwa pale tu, paa la bluu juu ya mgongo wa kilima, kilomita tano kama ndege angeruka. Kwa miguu ilikuwa saa moja na nusu, kushuka na kupanda. Kwake waya wa intaneti ulifika hadi ukutani. Kwetu, ukitaka hata kupiga simu ya kawaida, ulikwenda kusimama nyuma ya banda la kuku, ukageuka geuka mpaka uipate.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Mwaka ule shule niliyofundisha ilifungwa, nikapata kazi ya kufundisha watu wazima walio mbali, kwa video. Kazi ilikuwa nzuri, ila ilitaka intaneti isiyokatika. Basi kila asubuhi nikawa nashuka bonde na kupanda hadi kwa mjomba, naketi katika chumba chake cha wageni, nafundisha, halafu narudi. Mjomba aliviangalia viatu vyangu pale mlangoni kwake kwa wiki mbili bila kusema neno. Visigino vilikuwa vimelika upande mmoja. Siku moja akaviinua, akavigeuza, akavirudisha chini.

"Mwanangu," akasema, "badala ya wewe kuifuata intaneti, kwa nini tusiitume ikufuate?"

Akanieleza mpango wake huku akichora kwenye mgongo wa kalenda. Madishi mawili, kila moja kubwa kama sinia. Moja juu ya bomba kwenye paa lake, jingine kwenye paa letu. Lake lingechukua intaneti ya nyumbani kwake na kuirusha hewani, moja kwa moja, mpaka kwetu. Hakuna nguzo wala waya wa kuvusha bonde. Sharti lilikuwa moja tu: madishi yaonane. Kikiingia kitu katikati, alisema, hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Siku ya kuyafunga, mama alipanda juu ya paa letu na kioo mkononi, akaambiwa apige jua kuelekea kwa kaka yake ili aone hasa dishi lielekee wapi. Mjomba alikuwa kwake na darubini yake ya kazini. Mama alikuwa na miaka hamsini na minane, amejifunga kanga kiunoni, anacheka peke yake juu ya mabati. Saa tisa alasiri taa ya kijani ikawaka kwenye kile chombo kidogo sebuleni kwetu. Mama ndiye aliyepiga simu ya kwanza, ya video. Wakatazamana, yeye na kaka yake, watu walioonana asubuhi ileile, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Wakaendelea kutazamana hivyo, wamefurahi.

Miezi minane mambo yalikwenda vizuri. Nilifundisha nikiwa nyumbani, mama akawa anatuma picha za magauni kwa wateja wake, na mjomba akawa mtu wa kutajwa. Wageni walipelekwa nyuma ya nyumba yake kuonyeshwa dishi. Yeye alijifanya kama si kitu, lakini nilimwona akilifuta vumbi.

Kisha mvua zikaanza, na intaneti ikaanza kufa asubuhi. Ikinyesha usiku, mpaka saa nne, saa tano, hakuna kitu. Kufika adhuhuri inarudi yenyewe kama vile haikwenda popote. Wanafunzi wangu walikuwa wa asubuhi. Walibaki wakiangalia sura yangu imeganda mdomo wazi, kisha wanaondoka. Wawili waliomba mwalimu mwingine. Msimamizi wangu akaniandikia barua, ya adabu sana, akisema hali ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi watalazimika kuniacha.

Mjomba alivuka bonde na mkoba wake wa kazi. Akapanda paa letu, akalikagua dishi letu, akavuta kila waya, akafungua na kufunga. Hakuona kasoro. Akauliza maswali: inakatika saa ngapi, inarudi saa ngapi, siku isiponyesha inakuwaje. Nilimjibu. Akashuka, akasimama katikati ya ua, akautazama mvinje.

Lazima niueleze huo mti. Ulikuwa kando ya nyumba upande wa kushoto, mrefu, umeinama kidogo kwa sababu baba aliupanda kwenye mteremko na hakuwa na subira ya kuuwekea mti wa kuushikiza. Mama aliweka cherehani yake chini yake. Wateja walikaa hapo, wakapimwa hapo, wakasengenya hapo. Baba alipokuwa hai alipigilia msumari kwenye shina akatundika kioo cha kunyolea ndevu, na kwa miaka ile gamba la mti likaumeza ule msumari na nusu ya fremu ya kioo, ikabaki pembe moja ya bati imechomoza. Baba alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Mama alikuwa na mazoea ya kutundika tepu yake ya kupimia kwenye ile pembe.

Matawi ya juu ya mvinje yalikuwa yakiyumba karibu na njia ya mawimbi. Karibu, au ndani yake, ilitegemea upepo.

"Majani yakilowa yanameza mawimbi," mjomba akasema. "Jua likitoka yanakauka, yanaachia. Ndiyo maana adhuhuri inarudi. Ni mti huu."

Maelezo yalikaa sawa kabisa. Hata leo, ukimuuliza fundi yeyote, atakwambia majani yaliyolowa ni adui wa mawimbi. Hata hivyo mimi nilimuuliza jambo moja.

"Na upande wako, mjomba, umeshaangalia?"

Alinigeukia polepole. "Upande wangu nimeufunga mimi mwenyewe."

Alisema kama mtu anayefunga mlango, nami sikugonga tena. Barua ya msimamizi ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilitaka tatizo liwe limepatikana, na mti ulikuwa tatizo linaloonekana kwa macho.

Mama alikuwa amesimama ameshika tepu yake. "Kaka, una hakika?"

"Nina miaka thelathini na mmoja ya hakika."

Akauliza kama haitoshi kupunguza matawi. Mjomba akasema matawi huota, kila msimu mtakuwa mnapandisha watu juu, siku moja mmoja ataanguka. Kazi inayofanywa nusu hufanywa mara mbili. Mama akautazama mti, akanitazama mimi. Kisha akasema mtu aitwe.

Fundi msumeno alikuja Jumatano asubuhi. Alikuwa mtu mzima mpole, na kabla ya kuanza alimuuliza mama mara mbili. Msumeno wake wa injini ulipofika pale kwenye msumari wa baba ulilia vibaya, mnyororo ukavunjika meno mawili, ikabidi aketi kuutengeneza na kuanza tena chini zaidi. Mama alikuwa ndani na cherehani yake. Nilisikia ikienda bila kusimama muda wote ule. Mti ulipolala chini, nikaingia kumwambia. Alikuwa akishona suruali ya mteja, na mguu mmoja alikuwa ameushona ukafungika pande zote, juu na chini, kama mfuko usio na mdomo. Alikuwa hajaona.

Mjomba siku hiyo hakuwa kwetu. Alibaki kwake ili aone intaneti ikirudi. Yaliyotokea kule aliniambia mwenyewe baadaye, na nitayasema hapa mahali pake.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Alikaa barazani na darubini, akauona mvinje ukitikisika, ukainama, ukatoweka, pakabaki mbingu tupu kando ya paa letu. Akaingia ndani kutazama chombo. Hakuna. Akasubiri robo saa. Hakuna. Mkewe akamuuliza vipi, akasema subiri. Njia ilikuwa wazi sasa, hakuna hata unyasi kati ya dishi na dishi, na bado hakuna.

Basi ndipo alipochukua ngazi.

Dishi lilikuwa sawa. Akashika waya unaoingia chini yake, akauchomoa, na maji yakamtiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Zile pini ndogo za shaba ndani ya kichwa cha waya zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Akaufuata waya kwa vidole. Mita kumi na mbili za mwisho zilikuwa waya wa ndani ya nyumba, ule mweupe, ambao haukutengenezwa kukaa juani. Siku ya kufunga, waya mzuri ulikuwa umepungua, mama amesimama juani na kioo chake, na yeye akaunga kwa kipande alichokuwa nacho, akijiambia kesho ataubadilisha. Jua lilikuwa limeupasua ule waya ngozi yake yote. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye nyufa, yanashuka mpaka kwenye kichwa. Adhuhuri yanakauka. Intaneti inarudi.

Mwaka mmoja, akiwa bado kazini, alimsimamisha msaidizi wake mbele ya kundi zima la mafundi kwa kosa hilohilo, waya wa ndani uliowekwa nje, akamwambia kwamba fundi asiyejua ndani na nje afadhali akauze mboga. Alipokuwa ameketi pale juu ya paa lake, aliniambia, ndilo jambo lililomjia kwanza, kabla hata ya kumfikiria dada yake. Na kulikumbuka hilo nako kulimtia aibu nyingine, juu ya ile ya kwanza.

Waya mpya, wa nje, mweusi, alikuwa nao stoo. Alikuwa nao miezi yote ile. Akaubadilisha, akaufunga vizuri, akaushusha. Nusu saa haikuisha, taa ikawaka.

Huku kwetu mama alipoona taa ya kijani, alinyang'anya simu mkononi mwangu akampigia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake, dirishani, palikuwa na mwanga ambao chumba kile hakikuwahi kuwa nao.

"Kaka, imekuja," akasema. "Kumbe kweli ulikuwa mti."

Mimi nilikuwa nimesimama kando yake. Niliona mdomo wa mjomba ukifunguka. Nilidhani simu imeganda.

"Ndiyo," akasema.

Baada ya hapo sifa zilimfuata kama inzi. Kila aliyepita kwetu akauliza mti umekwenda wapi, mama alimweleza, na kila mara maelezo yaliishia kwa kaka yake, fundi asiyekosea. Wanafunzi wangu walirudi. Barua ya pili ya msimamizi ilikuwa ya pongezi. Mama alihamishia cherehani ndani, kwa sababu uani jua lilikuwa kali tangu saa tatu. Hata kwa mwanga ule mpya wa dirishani, ndani hakuona vizuri kutunga uzi, akawa ananiita nimtungie. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaondoka. Hakukuwa na mahali pa kukaa na kusengenya. Nikimuuliza kama amechoka, anasema heri mwanangu ana kazi.

Shina la mvinje alimpa seremala akamtengenezea benchi, zuri, zito, akalituma kwa kaka yake kama shukrani. Mjomba alilipokea, akaliingiza stoo. Mkewe, ambaye hakujua lolote, akalitoa barazani. Wageni wakalikalia. Yeye akawa anasimama, akisema magoti yakikunjwa yanamuuma. Akaacha kuja kwetu. Mama alidhani ni ugonjwa, akanituma na dawa ya kuchua magoti. Mjomba aliichukua ile chupa, akaishika kwa mikono miwili, akanishukuru huku akiangalia sakafu. Mimi niliona kitu kimemwelemea, lakini sikujua ni nini, na labda sikutaka sana kujua.

Mwezi wa saba baada ya mti kukatwa, jambo likafika shuleni. Shule ya msingi iliyoko mteremkoni ilikuwa ikipata intaneti kwa dishi kutoka zahanati, na nayo ilikuwa ikisumbua mvua zikinyesha. Mwalimu mkuu akasikia habari zetu. Kandokando ya uzio wa shule kulikuwa na miti kumi na moja ya kivuli, iliyopandwa na wanafunzi wa kwanza kabisa, ambao sasa ndio wazazi. Akaitisha mkutano Jumamosi asubuhi waamue ikatwe yote au nusu. Mama akaalikwa aseme yaliyomfika. Mjomba akaalikwa kama mtaalamu, aonyeshe miti ipi ianguke.

Tulikutana katika darasa la watoto. Watu wazima walijibana kwenye madawati madogo, magoti yakiwa yamegusa videvu. Mwalimu mkuu akafungua, wazazi wawili watatu wakapinga, wakisema watoto watacheza wapi jua kali. Ndipo mama akasimama.

Mama si msemaji. Alishika mkoba wake mbele ya tumbo akasema kwamba anawaelewa wanaopinga. Wake ulikuwa mti wa marehemu, na siku ulipokatwa aliumia. Lakini intaneti ilirudi siku hiyohiyo, mtoto wake ana kazi, na hajuti. "Fundi aliniambia ukweli, nami nikamwamini," akasema. "Kaka yangu hajawahi kunidanganya tangu tuzaliwe." Akaketi.

Mwalimu mkuu akasema basi tumsikilize mtaalamu. Mjomba alikuwa ameketi nyuma. Alipoinuka, dawati liliinuka naye, likaanguka kwa kishindo. Watoto wangekuwepo wangecheka. Alikuja mbele, na alikuwa na jasho kwenye kola ya lile shati lake la pasi.

"Msikate mti wowote," akasema.

Wazazi waliopinga wakatazamana.

"Mti wa dada yangu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwangu. Niliweka waya wa ndani nje, ukapasuka, ukaingia maji. Niliyakuta hayo maji siku ileile, mti ukiwa umeshalala chini. Nikabadilisha waya, na intaneti ikarudi. Dada yangu aliponiuliza, nikamwambia ndiyo, ni mti. Nimenyamaza miezi saba. Angalieni waya zenu kwanza."

Mzazi mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa kuchangamsha mkutano, kisha akaona uso wa mama akaacha. Wengine wakatafuta mahali pa kuweka macho: ubaoni, dirishani, kwenye viganja vyao. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema, haya, basi, tutaanza na waya. Ilikuwa fedheha ya kimya, isiyo na hata mtu mmoja wa kumzomea, na nadhani angezomewa ingekuwa afadhali.

Mama aliinuka akatoka. Mjomba akamfuata, nami nyuma yao. Alimfikia nje ya lango, pale njia inapoanza kushuka.

"Mdogo wangu," akasema.

Mama akasimama lakini hakugeuka. "Nilikuuliza una hakika."

"Uliniuliza."

"Na siku ile kwenye simu nilikwambia kumbe kweli ulikuwa mti. Ukasema ndiyo."

"Niliona aibu."

Hapo ndipo alipogeuka. "Uliona aibu," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Na mimi niliyesimama sasa hivi mbele ya watu nikakusifu, hii yangu tuiite nini?"

Mikono ya mjomba ilikuwa imening'inia kama si yake.

"Ungeniambia siku ileile ningelia, yakaisha," mama akasema. "Sasa umenifanya niulilie mti mmoja mara mbili."

Akashuka. Mjomba alibaki pale langoni, wazazi wakimpita mmoja mmoja, kila mmoja akimpa salamu fupi kama watu wanaompita mfiwa.

Jioni ile nilimwambia mama la kwangu. Nilimwambia kwamba nilishawahi kuwa na shaka, niliuliza mara moja tu, nikanyamaza kwa sababu ya kazi. Alikuwa akikunja nguo za wateja. "Najua," akasema. "Nilikuona ukiyameza." Akaendelea kukunja. Sijapata kuadhibiwa namna ile hata nilipokuwa mtoto.

Habari ikaenea, kama habari zinavyoenea. Mjomba alirudi shuleni peke yake siku ya Jumatatu, akakuta dishi la shule halikuwa na tatizo lolote la miti. Skrubu za bomba zilikuwa zimelegea na upepo wa mvua ulikuwa ukilizungusha. Akazikaza, akaondoka bila kungoja chai. Sokoni wakambandika jina jipya, Kata Mti. Mwanzoni walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, kisha usoni. Alikuwa akiitika. Mkewe alitaka kuwagombeza, mjomba akamkataza. Akalitafuta pia jina la yule msaidizi wake wa zamani, akapata namba yake ya simu, akampigia kumwomba radhi kwa yale ya miaka iliyopita. Alitarajia kwamba huyo bwana atakuwa ameshasahau.

"Nakumbuka, mzee," yule mtu akamwambia. "Ilikuwa Jumatatu." Akamshukuru kwa simu, wakaagana.

Wiki chache baadaye mjomba aliniita kwake. Alikuwa ameegemeza ngazi ukutani. Akaniambia nipande nikague kazi yake yote, waya mpaka waya, na nisimwonee haya. Nilipanda, yeye akashika ngazi. Huko juu nikakuta kofia ya mpira inayofunika kichwa cha waya haikukazwa mpaka mwisho, nikamwambia. Akasema asante, naomba uikaze. Niliposhuka, ndipo tulipoketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akanisimulia yote niliyoyasema hapo nyuma, ya darubini, ya maji yaliyomfika kiwikoni, ya waya mweusi uliokuwa stoo. Hakulia wala hakujitetea. Alisimulia kama mtu anayetoa ripoti ya hitilafu, kwa mpangilio, na kila baada ya muda akawa anasema, "Hapo ningeweza kusema," na anaendelea.

Mama alikaa miezi minne bila kumpigia. Intaneti ilipita juu ya bonde kila siku kutoka kwa kaka kwenda kwa dada, na wao wenyewe hawakusemezana. Mimi nilipeleka salamu na kurudisha salamu, na zote zilikuwa fupi. Kisha Alhamisi moja, akiwa anaung'oa uzi wa kishikizo kwa meno, mama akasema: "Mwambie mjomba wako aje Jumamosi. Asije na kitu mkononi."

Alikuja. Shati limepigwa pasi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mama alikuwa ameandaa chakula uani, mezani, chini ya shuka kuukuu tuliyoifunga kamba pembe nne tupate kivuli. Walisalimiana. Waliulizana afya, wakaulizana bei za vitu, wakamsema jirani mmoja ambaye wote wawili hawampendi. Katikati ya maneno mjomba aliangalia kule kushoto mahali palipokuwa na kisiki, na mama akamwona akiangalia.

"Kula, kaka," mama akasema. "Kinapoa."

Akala.

Siku hizi huja mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mara mbili. Wanacheka, lakini si kile kicheko cha zamani. Kuna mahali kinafika kinasimama. Na mpaka leo, akiingia lango letu, mjomba hakatizi uani moja kwa moja kama watu wengine. Anazunguka nyuma ya banda la kuku ili asipite pale mti ulipokuwa. Mama humwona kutoka dirishani, na anamwacha azunguke.